Binti Mhandisi Anaporudi Chuoni: Mama, Utarajie Nini?



Hapa Mlowo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mbozi, mzazi aliyemsomesha mtoto uhandisi huvuta pumzi siku ya mahafali. Miaka minne ya chuo kikuu imekwisha. Kahawa iliyouzwa mapema kwa bei ya hasara, magunia ya mahindi yaliyopakiwa kwenye malori ya barabara kuu, mikopo ya vikoba iliyorudishwa kwa taabu, vyote hatimaye vimezaa matunda. Majirani wanaanza kumwita mzazi huyo "Mama Injinia". Na nyumbani kila mtu amekwisha kumpangia mhitimu kazi: mdogo wake aliyeko VETA atalipiwa, mabati yaliyooza yatabadilishwa, na mama atapumzika jembe.

Kisha siku moja mhitimu mwenyewe anasema, "Mama, nimepata nafasi ya kusoma tena. Ni miaka miwili."

Akina mama wengi hapo hukosa la kusema. Wapo wanaodhani mtoto amefeli na anarudia darasa. Wapo wanaodhani anakwepa kazi au anakwepa kuolewa. Wengine hunyamaza, lakini moyoni wanahesabu miaka, maana hakuna aliyewaeleza masomo hayo ni ya nini, yanakwendaje na yanaisha lini. Mwezi huu tuyazungumze. Nitasema zaidi juu ya binti, kwa sababu mizigo yake ni mingi zaidi, lakini mengi ya haya yanamhusu hata kijana wa kiume, na hata wewe mwenyewe ikiwa ndiwe unayetaka kurudi darasani.

UZAMILI NI KITU GANI?

Mhandisi akimaliza miaka minne hupata shahada ya kwanza. Inayofuata ni shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida hupangiwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Baada yake ipo ya uzamivu, miaka mitatu, minne au zaidi, na mwenye kuimaliza huitwa Daktari ingawa hatibu mtu.

Tofauti yake na masomo ya kwanza si wingi wa vitabu. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hufundishwa mambo ambayo wengine wanayajua tayari. Katika uzamili anaanza kutafuta jambo ambalo bado halijulikani vizuri. Ni sawa na upishi. Anayejifunza kupika hupewa kipimo cha maji na unga, akafuata. Huyu wa pili hupewa unga ambao hakuna aliyewahi kuupika, akaambiwa atafute kipimo mwenyewe, aandike alivyokipata, kisha awathibitishie wapishi wakongwe kwamba hakubahatisha.

Nafasi hizi hazikuwapo karibu nasi siku zote. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi au ng'ambo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini, chuo cha ufundi kilichoanzishwa Mbeya mwaka 1986 kilipandishwa kuwa taasisi mwaka 2005, na mwaka 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kule Arusha, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, nayo iliundwa mahsusi kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Kwa hiyo binti akisema anaendelea kusoma, si lazima awe anapanda ndege. Kuuliza chuo cha karibu kina programu gani ni jambo la kwanza la kufanya.

KWA NINI ARUDI, NA KAZI IPO?

Toka nje usimame kando ya barabara yetu ya kwenda Tunduma. Malori yanapita usiku na mchana, yakipeleka mizigo Zambia na Kongo na kurudi na shaba. Utaona mahali lami imebonyea ikafanya mifereji miwili ya magurudumu. Kwa nini hapa imebonyea na pale haikubonyea? Watafiti wa Marekani walifanya jaribio kubwa la barabara huko Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960. Waliendesha malori ya uzito mbalimbali juu ya barabara za majaribio, na wakagundua kwamba uzito ukiongezeka mara mbili kwenye ekseli moja, madhara kwa barabara huongezeka takriban mara 16. Ndiyo sababu mizani iko njiani. Lakini Illinois si Mbozi. Udongo wetu, mvua zetu, jua letu na malori yetu ni mengine, na mtu wa kuyapima haya hapa kwetu ni mhandisi aliyefundishwa kutafiti.

Mfano mwingine unahusu jikoni moja kwa moja. Dakta Askwar Hilonga alikulia kijiji cha Gongali, wilaya ya Karatu, mahali ambapo magonjwa ya maji machafu yalikuwa jambo la kawaida utotoni mwake. Alisoma hadi uzamivu wa uhandisi wa kemikali Korea Kusini, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela. Huko akatengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo huchaguliwa kulingana na uchafu uliomo katika maji ya mahali husika. Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilimpa tuzo yake ya kwanza kabisa ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika, pauni 25,000. Mtoto wa kijijini aliyekunywa maji yale yale ndiye aliyejua swali la kuuliza.

Hata hivyo, mama, kuwe na swali moja la kumwuliza binti kwa upole kabla hujabariki safari: "Masomo haya unayataka kwa ajili ya nini?"

Akisema anataka kufundisha chuo kikuu, au kufanya utafiti, au kubobea katika jambo fulani aliloliona kazini, jibu hilo lina miguu. Akisema anataka tu kwa kuwa kazi hazionekani na kukaa nyumbani ni aibu, keti naye mzungumze zaidi. Pengine kuna njia fupi. Sheria yetu inataka mhandisi asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhitimu huandikishwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi wa mhandisi mzoefu. Tangu mwaka 2003 Bodi ina mpango maalumu wa mafunzo hayo ya vitendo, wa miaka mitatu. Uzamili peke yake haumpi mtu muhuri wa mhandisi mtaalamu. Binti ambaye lengo lake ni kusimamia ujenzi wa madaraja huenda akafaidika zaidi kuanza na mafunzo hayo, na kusoma baadaye akiwa na uzoefu na kipato. Yote mawili ni mema. Kinachoumiza ni kuchagua bila kujua.

SIKU ZAKE ZINAVYOKWENDA

Jambo linalowachanganya wazazi ni kwamba mwanafunzi huyu haonekani kuwa na ratiba. Katika programu nyingi, kipindi cha kwanza kina madarasa na mitihani kama zamani. Baada ya hapo madarasa yanakwisha, naye anabaki na jambo moja: utafiti wake na tasnifu atakayoiandika. Hakuna kengele. Unampigia simu saa nne asubuhi, yumo chumbani. Unampiga saa tano usiku, yumo maabara. Usidhani anacheza.

Kazi yenyewe hupitia hatua hizi. Kwanza huandika pendekezo la utafiti, nalo hurudishwa mara mbili, tatu, likiwa limejaa wino mwekundu. Likikubaliwa, anakusanya vipimo. Kisha anavichambua, anaandika sura baada ya sura, anasahihishwa. Mwisho tasnifu husomwa na watahini, mara nyingi mmoja wao akiwa wa nje ya chuo, naye huitwa kuitetea kwa mdomo. Hata akifaulu, kwa kawaida hupewa orodha ya marekebisho kabla jina halijaingia kwenye mahafali. Kwa hiyo akikuambia "nimemaliza kuandika", bado hajamaliza. Subiri kushona sare.

Vipimo ndivyo hula muda. Chukua mwanafunzi anayetafiti zege. Vipande vya zege hupimwa nguvu baada ya siku 7, na tena siku ya 28 tangu lilipomiminwa. Siku ya 28 ikiangukia harusi ya shangazi yake, zege halingoji. Akikosa siku hiyo, kipimo kimeharibika naye anaanza upya. Anayepima maji ya mto atahitaji masika na kiangazi. Masika yakimpita kwa kuwa kifaa kilikuwa kibovu, atayasubiri mwaka mzima. Mashine ya maabara ikiharibika, kipuri huagizwa kutoka mbali. Haya hayatokani na uvivu, na swali la "utamaliza lini?" linaloulizwa kila Jumapili humchoma kuliko unavyofikiri, kwa kuwa mara nyingi na yeye hajui. Panga moyoni miaka miwili, na uweke akiba ya miezi sita juu yake.

MSIMAMIZI WAKE

Katika shahada ya kwanza binti alikuwa na walimu wengi. Akishindwana na mmoja, wengine wapo. Sasa ana msimamizi mmoja, pengine wawili, na maendeleo yake yote hupita mikononi mwao. Msimamizi mwema ni neema kubwa: husoma kazi kwa wakati, hukemea bila kudhalilisha, humfungulia milango. Lakini wasimamizi wana wanafunzi wengi, safari nyingi na vikao vingi. Sura ya tasnifu inaweza kukaa mezani miezi.

Mfundishe binti yale uliyomfundisha alipokuwa mdogo: adabu pamoja na kusema. Amwandikie msimamizi kabla ya kuonana, apeleke kazi katika tarehe waliyokubaliana, na baada ya kila kikao aandike kwa ufupi waliyoafikiana na ampatie nakala. Kabla ya kuanza, awaulize wanafunzi waliotangulia: huyu mwalimu husoma kazi upesi? Wanafunzi wake humaliza? Tunapochagua shamba la kukodi tunauliza majirani wa shamba hilo. Na hapa ni vivyo hivyo.

Lipo jambo zito zaidi ambalo akina mama tunaona haya kulitaja. Pale ambapo mtu mmoja ana uwezo wa kufaulisha au kuchelewesha, rushwa ya ngono hupata mlango. Mwaka 2020 TAKUKURU ilitoa utafiti wake kuhusu tatizo hili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma, kwa hiyo tusijifanye kwamba ni uvumi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalihesabu jambo hili kuwa kosa la jinai. Mwambie binti mapema, kabla hajaondoka, maneno haya: "Likikutokea, niambie. Sitakuuliza ulivaa nini." Maneno hayo yatamlinda kuliko onyo kumi za jumla. Atunze ujumbe na tarehe, amwone mshauri wa wanafunzi au ofisi ya jinsia ya chuo, na namba 113 ya TAKUKURU hupigwa bila malipo. Asikubali mkutano wa kazi katika nyumba ya kulala wageni, hata akiambiwa ofisi inapakwa rangi.

FEDHA: TUSEME UKWELI

Usitarajie kwamba Bodi ya Mikopo iliyombeba kwanza itambeba na sasa kwa namna ile ile. Mikopo hiyo, iliyoanza mwaka 2005, nguvu yake kubwa iko kwa shahada ya kwanza. Tena mhitimu ana deni la kurejesha. Njia zilizobaki ni hizi: mwajiri wake amlipie, apate ufadhili, au alipe mwenyewe akifanya kazi na kusoma jioni.

Ufadhili upo, lakini hutafutwa kwa bidii na mapema. Mwaka 2009 Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mfuko wa ufadhili wa kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere kwa ajili ya wanafunzi wanaofanya vizuri katika hisabati na sayansi. Ujerumani kuna DAAD, Uingereza kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na China hutoa nafasi kwa Watanzania. Ng'ambo, hasa Marekani na Ulaya, mwanafunzi wa uzamivu wa uhandisi mara nyingi hulipwa posho kwa kumsaidia profesa kufundisha au kutafiti. Huko masomo ni kama ajira ndogo, pamoja na ubwana wake.

Sasa sikiliza, mama. Ufadhili si mshahara. Posho huhesabiwa ili mtu mmoja apange chumba, ale na anunue vitabu. Huchelewa. Mara nyingine hulipia ada peke yake. Binti aliyefadhiliwa hawezi kulipa VETA ya mdogo wake na kubadilisha mabati. Akijaribu, atakula mlo mmoja kwa siku na hutajua, maana kwenye simu atasema "tumeshakula". Kaeni kama familia, mseme wazi kwamba kwa miaka hiyo miwili mzigo wa mdogo wake utabebwa na nani. Inauma, lakini inauma kidogo kuliko lawama za kimyakimya.

Na mjihadhari na matapeli. Mtu akija kuwaambia ameshampatia mtoto ufadhili na inahitajika fedha kidogo tu ya kuufungua, shikeni mikoba yenu. Vyuo vingine hutoza ada ndogo ya maombi, hiyo hulipwa kwa chuo chenyewe na risiti ipo. Ufadhili wa kweli haununuliwi kwa wakala. Chuo kikiwa cha nje, binti aulize kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama shahada yake inatambulika nchini. Ni afadhali kuuliza kabla ya kwenda kuliko kurudi na cheti kisichofunguliwa mlango.

AKIWA NA MUME NA MTOTO

Hapa ndipo barua nyingi zinapotoka. Mama mmoja wa hapa Mlowo alikuwa na binti mhandisi, ameolewa na mwalimu, wana mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nafasi ya uzamili ikapatikana Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Mkwe hakukataa, lakini alinyamaza, na kunyamaza kwake kulitisha zaidi. Ndugu wa mume wakaanza kusema. Binti akaja usiku kwa mama yake: "Mama, nilelee mtoto."

Mama huyo alikuwa na shamba la kahawa, goti linalouma na mume aliyepooza upande mmoja. Angeweza kusema ndiyo kwa haraka, kama tulivyozoea, kisha akateseka. Alifanya jambo la busara. Alimwambia binti, "Sijakataa. Lakini kwanza mrudie mumeo, mje wawili." Walipokuja waliketi na kuhesabu: nani atalala na mtoto, nani atalipa msichana wa kusaidia, nani atampeleka kliniki, baba atakuja kumwona mtoto siku zipi, mama mtu atarudi mara ngapi, na jambo gani likitokea masomo yatasimama. Mkwe ndipo aliposema lililokuwa likimsumbua. Hakuogopa mke kusoma. Aliogopa kwamba akirudi na shahada ya pili, hatamsikiliza tena mwalimu wa shule ya msingi. Lilikuwa jambo la kusemwa kati ya mume na mke, nao wakapewa nafasi ya kulisema.

Binti alikwenda. Mwaka wa kwanza, wa madarasa, ulikuwa mgumu kwa kila mtu. Aliporudi likizo ya kwanza, mtoto alimkimbilia bibi na kumwita "mama", na yule binti alitoka nje akalia nyuma ya ghala. Bibi hakumcheka wala hakumlaumu. Alimwachia mtoto siku zote za likizo, amwogeshe, amlishe, alale naye, ingawa yeye mwenyewe alijua angefanya upesi zaidi. Ulipofika wakati wa utafiti, binti alimwomba msimamizi wake achunguze maji machafu yanayotoka kwenye mitambo ya kuoshea kahawa mbivu, jambo ambalo sisi wa Mbozi tunalijua kwa harufu yake mitoni msimu wa mavuno. Mada ikakubaliwa. Kwa hiyo miezi ya kukusanya vipimo aliishi nyumbani kwake, akitoka asubuhi na chupa zake na kurudi jioni. Alichelewa kumaliza kwa karibu mwaka mmoja. Ndoa ipo. Goti la mama halijapona, na hakuna shahada itakayoliponya.

Ninaisimulia habari hii kwa sababu ina mafunzo matatu. La kwanza, bibi ana haki ya kuulizwa na hata ya kukataa. Nguvu zake si mali ya ukoo isiyohesabiwa. La pili, umri wa mtoto ni jambo la kupimwa. Wataalamu wa afya hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, na aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Mtoto akiwa mchanga, ni heri nafasi ya chuo iahirishwe. Vyuo huruhusu kuomba kuahirisha, mradi maombi yapelekwe kwa maandishi na mapema. La tatu, mada ya utafiti inaweza kuchaguliwa karibu na nyumbani. Maji, barabara, mashine za kukoboa, nyumba za matofali ya kuchoma, vyote viko hapa vinangoja mtu.

MOYO UKICHOKA

Kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, wengi hufika mahali pa giza. Vipimo havikubali. Wenzake aliomaliza nao wamejenga, yeye bado ana chumba kimoja. Katika maabara huenda ni mwanamke peke yake kati ya wanaume, na akikosea anahisi amekosea kwa niaba ya wanawake wote. Anaanza kuamini kwamba alichaguliwa kwa bahati mbaya na siku moja watamgundua. Mawazo hayo huwapata hata wenye akili nyingi.

Mama husikia kabla ya wengine, kwa sauti. Akiwa halali, hali, hapokei simu, au anasema maneno ya kujiona hafai kuishi, usiseme tu "jikaze". Mpandie basi ukamwone, au mtume ndugu aliye karibu. Amwone daktari na mshauri wa wanafunzi. Kuahirisha muhula mmoja kwa ajili ya afya ni jambo linalokubalika, na shahada inaweza kusubiri.

MAMBO MACHACHE YA KUSHIKA

Kabla ya kumaliza, tuyaweke pamoja yale ambayo mama anaweza kuyafanya akiwa hapa hapa nyumbani:

1. Mwulize binti akueleze utafiti wake kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo wewe na baba yake mtayaelewa. Utajifunza, na yeye atasaidika zaidi, maana asiyeweza kulieleza jambo lake jikoni bado hajalielewa vizuri.

2. Kubalianeni siku ya simu, na siku hiyo zungumzeni habari za nyumbani pia. Kuku ametaga, shangazi amepona. Asiishi kwa tasnifu tu.

3. Usimtangaze kuwa amemaliza kabla hajamaliza, wala usimfananishe na mtoto wa jirani.

4. Msiba au ugonjwa ukitokea nyumbani, mwambie ukweli. Kumficha ili asome ni deni ambalo baadaye hulipwa kwa machozi.

5. Akirudi likizo, mwache alale siku mbili za kwanza. Sufuria zitasubiri.

6. Akiwa ameolewa, ongea na mkwe wako kwa heshima, wala usiwe msemaji wa binti kwake. Wao ndio wenye nyumba.

Mama mwenzangu, wapo watakaokuambia kwamba msichana mwenye shahada moja amesoma vya kutosha. Usigombane nao sokoni. Wewe jua tu kwamba unachokubali ni miaka miwili au mitatu ya subira, fedha kidogo, simu nyingi, na pengine mjukuu mgongoni. Ukikubali, kubali ukiwa umeyajua haya. Na ukiona huwezi, sema mapema, kwa upendo, ili binti apange vingine kabla hajasaini. Mwanafunzi anayejua nyumbani wamesema nini kwa kweli hufanya kazi yake akiwa na moyo mwepesi, hata kama walichosema ni "nusu tu tutaweza".

Kwa wale mnaosoma wenyewe huku mkilea, tumieni nafasi ya barua kutueleza mmegawanyaje siku yenu. Wenzenu wanahitaji kujua. Tukutane mwezi ujao.